Uzoefu wangu wa kuagiza ufunguo wa Land Rover ya zamani kwa namba

Land Rover yangu ni Series IIA, toleo lililotengenezwa kati ya 1961 na 1971, nayo niliinunua hapa Arusha ikiwa na ufunguo mmoja tu, uliolika meno kiasi cha kuchomoka kwenye swichi huku injini ikiunguruma. Wenye magari haya hawatashangaa, kwani wapo wanaowasha kwa bisibisi mwaka hadi mwaka na hawaoni tatizo lolote.

Wachonga funguo wa mjini walikuwa tayari kuunakili, lakini mashine ya kunakili hufuata umbo la ufunguo iliopewa, kwa hiyo uliolika huzaa mwingine uliolika vilevile. Nilichohitaji ni ufunguo uliochongwa kwa namba, yaani kwa vipimo vya kiwandani, na huduma hiyo niliipata kwa muuzaji wa Uingereza anayeshughulika na funguo na vitasa vya magari ya zamani.

Jambo linalorahisisha kazi hii ni kwamba magari mengi ya Uingereza ya zama zile yalitumia vitasa vya watengenezaji wachache, akiwemo Wilmot Breeden wa Birmingham, na funguo zake zilipangwa kwa herufi na namba: FA huanzia 501 hadi 625, FP 626 hadi 750, na FS 876 hadi 955. Hesabu hiyo ina maana kwamba kundi zima la FS lina aina 80 tu za funguo, na ufunguo wa FS wa MGB, gari dogo la michezo la Uingereza, ukilingana namba na wa Land Rover, basi ni ufunguo uleule. Kwa usalama hilo si la kujivunia, ndiyo maana nimeweka pia swichi ya kukata betri mahali ninapopajua mwenyewe.

Namba huwa imegongwa kwenye ufunguo, usoni mwa swichi au kwenye silinda ya ndani, yaani kile kipande cha swichi ambamo ufunguo huingia. Ufunguo wangu ulikuwa nakala isiyo na maandishi, hivyo nilitenganisha betri, nikafungua nati ya duara inayoshikilia swichi kwenye dashibodi, kisha nikachomeka waya mwembamba katika kitundu kilicho ubavuni mwa swichi ili kubonyeza kipini kinachozuia silinda. Ilitoka ikiwa imegandamana na grisi na vumbi jekundu. Baada ya kuisugua kwa mswaki na petroli, herufi FS zilijitokeza pamoja na tarakimu tatu ambazo, kwa sababu zinazoeleweka, sitazitaja hapa.

Muuzaji alitaka picha ya silinda kabla ya kuchonga, utaratibu ambao naupongeza, ingawa kujibu barua pepe si sifa yake kubwa. Bei ya ufunguo ilikuwa ndogo kuliko gharama ya kuutuma. Ulipofika, meno yake yalikuwa na kona kali ambazo ule wa zamani ulishazipoteza, na mwanzoni ulizunguka kwa ugumu kwa sababu visahani vya ndani navyo vimechakaa. Nilipuliza unga wa grafiti, si grisi, maana grisi hunasa vumbi na kurudisha matatizo yaleyale. Sasa nimeupitisha kwenye barabara ya mawe na haujachomoka.

Maduka ya spea yanauza pia swichi mpya kamili, lakini hiyo huja na ufunguo wake, na mlango unabaki na mwingine. Muuzaji huyu hutoa kitasa cha mlango kilichopangwa kwa namba unayotaka, nami nimeagiza chenye namba ya swichi yangu. Kwa mwenye Series III, toleo lililofuata, maelezo yangu ya kutoa silinda hayafai, kwa kuwa swichi yake iko kwenye nguzo ya usukani pamoja na kufuli lake, na bolti zake hukatwa vichwa makusudi zinapokazwa. Huyo atafute kwanza namba kwenye ufunguo alionao kabla ya kugusa kitu kingine.