Huduma ya matunzo ya mtoto katika ofisi ya ustawi wa jamii mkoani Mbeya: tathmini ya baba aliyeitwa

Wengi wanaoieleza huduma hii ni kina mama waliokwenda kulalamika. Mimi ninaieleza nikiwa baba aliyelalamikiwa. Mwaka jana nilifika mara nne katika ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri mojawapo ya Mkoa wa Mbeya, baada ya mama wa binti yangu wa miaka tisa, ambaye hatukuwahi kufunga naye ndoa, kupeleka shauri la matunzo. Halmashauri yenyewe sitaitaja, kwa sababu idara hiyo ina watumishi wachache na kasoro nitakazozieleza zingemwangukia mtu mmoja ambaye hazikuwa kosa lake peke yake. Huduma haina malipo, na kati ya alama tano ninaipa nne.

Niliingia pale nikiamini kwamba sidaiwi kitu. Mimba ilipojulikana, wazee wangu walitoka Rungwe na kupeleka ng'ombe nyumbani kwa wazazi wa mama wa mtoto kama faini, kwa kufuata desturi yetu, na tangu siku hiyo ukoo mzima ulihesabu kwamba jambo limekwisha. Afisa alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, kisha akaniuliza ng'ombe yule alikabidhiwa nani. Nilipomjibu kwamba alikabidhiwa babu yake mtoto, alisema kwa upole kwamba basi wazee wamemalizana na wazee, ila mtoto bado hajapokea chochote. Akaongeza jambo ambalo sikulitarajia: miongoni mwa mambo ambayo mahakama huyatazama inapotaka kujua baba wa mtoto ni nani, mbali na jina lililoandikwa kwenye daftari la vizazi na majibu ya vinasaba, ni sherehe ya kimila iliyofanywa na baba na kukiri kwake mbele ya watu. Kwa hiyo ng'ombe niliyemchukulia kama stakabadhi ya kumaliza deni alikuwa ushahidi kwamba deni lipo na ni langu.

Hapo ndipo alipotufafanulia Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na ninapenda kusema wazi kwamba aliieleza vizuri kuliko nilivyowahi kusikia redioni. Kifungu cha 8 kinampa mzazi wajibu wa kumtunza mtoto kwa chakula, malazi, mavazi, matibabu, elimu na malezi, pamoja na uhuru wake na haki yake ya kucheza, na hakiulizi kama wazazi walioana au bado wanapatana. Anayekiuka haki hizo anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 5, kufungwa kwa muda usiozidi miezi 6, au kupewa adhabu zote mbili. Alitukumbusha pia kwamba sheria ya zamani, iliyofutwa na hii ya 2009, ilimwekea mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa kiwango cha juu cha shilingi 100 kwa mwezi. Mama yangu mzazi aliishi chini ya sheria ile akiwa na dada yangu mkubwa, na jioni hiyo nilipompigia simu kumweleza, alinyamaza kwa muda mrefu.

Kinachoifanya huduma hii istahili sifa, hata hivyo, ni namna kiwango cha matunzo kinavyopatikana. Afisa alimpa kila mmoja wetu karatasi, akatutaka tuandike, bila kutazamana, mahitaji ya mtoto kwa mwezi na bei zake. Mama yake alijaza pande zote mbili: unga, mchele, maharage, mafuta, sabuni, mkaa, daftari, nauli, mchango wa chakula cha shuleni, na sweta, kwa sababu Juni na Julai huku kwetu baridi haimwachi mtoto akae na shati tupu. Mimi niliandika mistari minne, na kwenye mstari wa viatu nilishindwa, kwa kuwa sikujua binti yangu anavaa namba ngapi. Nilikuwa nimezoea kusema kwamba elimu haina ada tangu 2016, kwa hiyo shule hainihusu sana. Karatasi ya mama yake ilionyesha kwamba kutokuwepo kwa ada hakujaondoa sare, viatu wala madaftari.

Kisha akageukia kipato changu. Mimi ni mfanyabiashara wa viazi; ninanunua Umalila na Isyonje, na kuna miezi ambayo lori linatoka na faida nzuri, na kuna miezi ambayo viazi vinafurika sokoni hadi mtu anauza ili mzigo usiharibike. Nilidhani jambo hilo lingeniokoa, kwa maana mtu asiye na mshahara angewezaje kutajiwa kiwango cha kila mwezi. Afisa hakubishana nami. Aliomba daftari langu la mauzo, akachukua miezi mizuri na mibaya, akauliza nina watoto wengine wangapi wanaonitegemea, akauliza na mapato ya mama wa mtoto, anayeuza ndizi, kwa maana sheria inataka uwezo wa wazazi wote wawili na gharama za maisha za mahali mtoto anapoishi vizingatiwe. Tulikubaliana shilingi 50,000 kila mwezi, kiasi ambacho ninakimudu hata bei inapoanguka. Magunia mawili ya mahindi baada ya mavuno. Mahitaji ya shule kila Januari. Na nusu ya gharama za matibabu. Fedha zipitie kwenye simu ili ujumbe wa muamala uwe ndio risiti. Utaratibu huo unanilinda hata mimi, kwa sababu miaka ya nyuma nilitoa fedha mkononi, wakati mwingine nyingi, wakati mwingine kidogo, na hakuna aliyeweza kuthibitisha lolote.

Katika mazungumzo yote nilisema mara kadhaa kwamba nimekuwa "nikimsaidia" mama wa mtoto, na kila mara afisa alilirudisha neno hilo: msaada hutolewa na jirani au shangazi, mzazi hutunza. Mwanzoni nilikereka. Sasa ninaona kwamba neno lile ndilo lililonipa ruhusa ya kutuma nilipojisikia na kukaa kimya nilipokasirikiana na mama yake, kana kwamba mtoto alikuwa na mkono katika ugomvi wetu.

Sasa nieleze kasoro. Barua ya wito ililetwa sokoni ikiwa wazi, bila bahasha, na kupita katika mikono ya watu wawili kabla ya kunifikia. Mambo ya mtoto hayastahili kutangazwa namna hiyo, na baba mwingine angeweza kukataa kwenda kwa hasira ya kuaibishwa. Chumba cha mahojiano kina meza tatu, hivyo nilisikia shauri la familia nyingine nao wakasikia letu. Safari ya pili tulikaa tangu saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana, tukaambiwa jalada halionekani. Na kubwa kuliko yote, tangu tuliposaini hakuna aliyepiga simu kuuliza kama ninalipa. Nimelipa kila mwezi, lakini ofisi haijui hilo, na baba anayeamua kuacha atagundulika tu pale mama atakapofunga safari tena kwenda kulalamika.

Wasomaji waelewe pia mipaka ya huduma yenyewe. Makubaliano yale ni maandishi ya hiari, na yakivunjwa hatua inayofuata ni maombi katika Mahakama ya Watoto, ambayo ndiyo yenye uwezo wa kutoa amri ya matunzo, kuibadilisha hali inapobadilika, na kuiendeleza baada ya miaka 18 ikiwa kijana bado yuko masomoni. Maombi hayo yanaweza kupelekwa na mzazi, mlezi, ndugu, afisa ustawi wa jamii, au mtoto mwenyewe kupitia mtu wa kumwakilisha. Baba mwenye shaka ya kweli kuhusu uzazi aiseme siku ya kwanza ili kipimo cha vinasaba kiombwe kwa utaratibu, kwa kuwa Mkemia Mkuu wa Serikali ana ofisi ya kanda hapa Mbeya. Shaka inayozuka siku ya kutajiwa kiwango hutazamwa kwa jicho jingine, na kwa maoni yangu ni haki itazamwe hivyo.

Atakayeitwa aepuke Jumatatu, kwa sababu foleni ya siku hiyo ni ndefu, na afike kabla ya saa mbili. Abebe daftari la mauzo au hati ya mshahara, nakala ya cheti cha kuzaliwa cha mtoto ikiwa anayo, na fedha kidogo za kutoa nakala, kwa sababu mashine ya ofisi ilikuwa mbovu safari zote nne. Wazee wa ukoo wanaruhusiwa kuingia, ila ni vizuri wakaelezwa mapema kwamba hawaendi kujadili ng'ombe.