Whisper kwenye kompyuta ya nyumbani: simu zote zinaandikiwa, bando haliguswi

Habari zenu, karibuni tena. Leo hakuna boksi la kufungua. Ninachochambua ni cha bure, na ruta uliyo nayo nyumbani inatosha.

Programu inaitwa Whisper, kazi yake kugeuza sauti kuwa maandishi. OpenAI waliitoa Septemba 2022 kwa leseni ya MIT, kwa hiyo hata ukiitumia kibiashara hudaiwi senti. Ila usihangaike na ile ya asili. Pakua whisper.cpp, ambayo Georgi Gerganov ameiandika upya kwa lugha ya programu ya C++. Hii hailazimishi uwe na kadi ya picha ya bei mbaya. Prosesa ya kawaida inaibeba, mradi RAM iwepo.

Utamu wake uko hapa. Wengi wanaiweka kwenye kompyuta moja, basi, wameishia hapo. Kumbe ndani yake kuna seva, yaani sehemu inayopokea kazi kutoka vifaa vingine na kurudisha majibu. Ukiiwasha, kompyuta yako inakuwa karani wa nyumba nzima: simu ya mama, yako, ya mdogo wako, zote zinatuma rekodi kwa Wi-Fi na maandishi yanarudi. Sauti haitoki nje ya nyumba. Na intaneti ikikatika, kazi inaendelea, maana ruta haihitaji intaneti kuunganisha vifaa vya ndani. Hili linawapita wengi. Wi-Fi na intaneti wanavihesabu kitu kimoja.

Sasa sikilizeni vizuri, watu wanakwama hapa. Seva ikiwaka inasikiliza 127.0.0.1, yaani kompyuta inajisikiliza yenyewe tu. Unajaribu kwenye simu, kimya. Ongeza --host 0.0.0.0 kwenye amri ya kuiwasha seva, isikilize na vifaa vingine. Halafu kwenye kivinjari cha simu andika anwani ya kompyuta, tuseme 192.168.1.20, weka nukta mbili (:), kisha 8080. Utaona sehemu ya kupakia faili. Windows ikiuliza kama programu hii iruhusiwe kwenye mtandao, ruhusu kwa mtandao wa nyumbani pekee. Kwenye mipangilio ya ruta, ifungie kompyuta anwani hiyo hiyo, la sivyo siku moja itapewa nyingine na simu zote ziipoteze. Simu ikiwa kwenye Wi-Fi ya wageni haitaiona kompyuta, ruta nyingi hutenga wageni makusudi. Na nawaomba, msiifungue ionekane kutoka nje. Haina nywila.

Duka likikwambia ununue ruta mpya ya kasi kwa ajili ya hii, achana nao. Whisper inataka sauti ya 16 kHz. Dakika nzima ya WAV ya namna hiyo haifiki hata MB 2. Simu nyingi zinarekodi kwa m4a, hivyo weka ffmpeg, programu ya kugeuza aina za faili za sauti, na uongeze --convert kwenye amri ile ile, seva itageuza yenyewe.

Mpaka hapa nimesifu tu. Haya, Kiswahili.

Whisper ya kwanza ilifundishwa kwa saa 680,000 za sauti. Kiingereza peke yake kilichukua takribani 438,000. Lugha nyingine 96 ziligawana kama 117,000, na Kiswahili hakikupata hata saa kumi za kunakili, yaani sauti ya Kiswahili yenye maandishi ya Kiswahili! Ndiyo maana modeli ndogo (modeli ni faili la ubongo wa Whisper, unalipakua kwa saizi unayotaka), tiny na base, Kiswahili zinabahatisha: zinaunganisha maneno, zinakata viambishi. Msizipakue kwa kuwa tu ni nyepesi. Large-v3, iliyotoka Novemba 2023, ililishwa sauti nyingi zaidi, na tofauti inaonekana. Ina karibu GB 3. Kama mashine yako haiwezi, chukua large-v3-turbo, kama GB 1.5, inakwenda mbio zaidi.

Halafu kwenye amri andika -l sw, yaani lugha ni Kiswahili. Usipoandika, whisper.cpp inachukulia unaongea Kiingereza, na utapata vituko. Kitu kingine: penye kimya kirefu inaweza kutunga sentensi ambayo hakuna aliyeisema. Kata kimya kabla ya kutuma, na rekodi ya kikao au mahojiano isomwe na mtu kabla haijapelekwa popote.

Mwandishi wa habari, mwanafunzi wa utafiti mwenye mahojiano ya masaa, katibu wa kikundi: wekeni. Anayetaka kuamrisha simu kwa sauti hapo hapo, hii siyo yake, inachelewa. Amri zote nimeziweka chini ya video, nakilini kama zilivyo, mbadilishe anwani tu.