Seti ya kutengeneza chambo laini nyumbani: kalibu nzuri, maelekezo ya joto hayatoshi

Ndani ya seti hii ya kutengeneza chambo bandia cha plastiki laini cha kuvulia samaki kuna kalibu ya alumini ya vipande viwili yenye nafasi nne za chambo cha umbo la mnyoo, sentimita 10 kila kimoja, bomba la kusukumia la mililita 60, chupa ya plastisoli (plastiki ya majimaji ambayo ikipashwa moto kisha ikapoa huwa laini kama mpira) na rangi mbili. Kalibu ndiyo imebeba thamani yote. Vipande hukutana bila mwanya, kwa hiyo chambo hakitoki na utando pembeni. Kalibu za plasta, hata ukizipaka tabaka tatu za gundi, zikibaki na unyevu kidogo tu plastiki ya moto huuchemsha na chambo hujaa vitundu. Alumini haina taabu hiyo, ila ikiwa baridi, vyambo vya mwanzo hutoka na mikunjo na mikia isiyojaa. Vyambo hivyo virudishe kwenye kikombe cha kupashia uviyeyushe tena.

Lawama yangu ni kwenye kijikaratasi cha maelekezo, kinachosema tu upashe moto hadi plastiki ing'ae. Hapo ndipo wengi wataharibu chupa nzima. Plastisoli huanza nyeupe kama maziwa, ikipata joto huganda mabonge, kisha ikizidi kupashwa hulegea tena na kuwa angavu. Ukiikatisha kwenye hatua ya mabonge, chambo kitakuwa na ukungu na kitakatika ndoanani mapema. Lengo ni nyuzi 165 hadi 175 za Selsiasi. Ikikaribia 190 huanza kuwa ya njano, halafu kahawia, na moshi wake una asidi inayochoma koo na macho. Kwa hiyo nunua kipimajoto kabla ya kununua rangi za ziada.

Mimi hutikisa chupa dakika mbili, maana unga wa plastiki hutuama chini. Humimina mililita 120 kwenye kikombe cha kioo kinachostahimili moto, napasha kwenye mikrowevu dakika moja na nusu, nakoroga, kisha sekunde 30 kwa 30 huku nikikoroga na kupima kila mara. Ukipima bila kukoroga utasoma joto la sehemu ya juu ya kikombe tu. Kijiti kiwe kikavu kabisa: tone la maji kwenye plastiki ya nyuzi 170 hugeuka mvuke papo hapo na kuirusha usoni. Seti haina miwani, glavu wala barakoa, na hilo ni kosa kubwa. Barakoa ya vumbi haisaidii kitu. Inatakiwa yenye kichujio cha gesi za asidi, na kazi ifanyike mahali penye hewa ya kutosha. Mikrowevu hiyo isipashe chakula tena.

Bomba lipashwe kwanza kwa kuvuta plastiki na kuirudisha kikombeni. Sukuma taratibu, na kalibu ikijaa endelea kukandamiza sekunde 10 hadi 15. Plastiki husinyaa inapopoa, na bila msukumo huo chambo hubonyea karibu na mdomo wa kalibu. Pete ya mpira ya bomba hili ni dhaifu, ilikakamaa upesi ikaanza kuvuta hewa. Ya silikoni imetatua tatizo.

Fungua baada ya dakika tano, kisha laza vyambo vimenyooka kwenye maji baridi. Kilichopinda huzunguka majini na kusokota mshipi. Kausha kalibu kabla ya kumimina tena.

Chumvi laini, kijiko kimoja cha chakula kwa mililita 120, huongeza uzito na chambo huzama haraka, lakini hukifanya kiraruke upesi. Ukiitumia, koroga kila unapovuta, la sivyo yote hubaki chini ya kikombe. Tenga rangi tofauti, kwani huambukizana, na usiweke vyambo hivi pamoja na chambo bandia vigumu: kilainishi kilichomo huyeyusha rangi na plastiki yao.

Kwa kalibu peke yake ningeinunua tena. Bomba ningetafuta jingine.