Cherehani ya kushonea mavazi ya kale: ipi uanze nayo, ipi uiache dukani

Ukimwambia muuzaji kwamba unataka kujifunza kushona mavazi ya kale, atakushika mkono hadi kwenye cherehani yenye mishono 200, kioo cha kubonyeza na uwezo wa kudarizi maua yenyewe. Kwake nguo ya kifalme ni mapambo. Msikilize kwa adabu, kisha uondoke. Gauni la karne ya 18, koti la askari wa 1860, joho la jukwaani, yote yanashikwa na mshono mmoja tu, ule ulionyooka. Ndiyo maana orodha yangu iko miguu juu kichwa chini: vya bei kubwa nimevisukuma mkiani, na kile chuma kinachokula vumbi stoo kwa bibi yako kimekaa mbele.

Kabla hujatoa pesa, amua unashona enzi gani. Barthélemy Thimonnier wa Ufaransa alipata hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya mashine yake ya kushonea mwaka 1830. Mwaka uliofuata washonaji wa mkono wa Paris wakavamia karakana iliyokuwa ikishona sare za jeshi kwa mashine hizo na kuzivunja, maana waliona mkate wao unakatwa. Elias Howe akapata hataza yake Marekani mwaka 1846, Isaac Singer mwaka 1851. Kwa hiyo gauni la 1770 halikuwahi kuona cherehani. Ukitaka kulishona kwa mashine, mashine ifiche uso: mishono mirefu ya ndani iachie yenyewe, lakini pindo, marinda ya kiunoni na tundu za vifungo vipitie mkononi. Ukishona vazi la miaka ya 1870 huna haja ya kujificha, kwa sababu mafundi wa wakati huo nao walipiga mishono mirefu kwa mashine na kumalizia kwa mkono.

Anayependa enzi za kabla ya cherehani, na mfuko wake ni mwembamba, wala asinunue cherehani. Anunue sindano nzuri za ukubwa tofauti, subana inayomkaa kidole sawasawa, bonge la nta ya nyuki la kupitishia uzi usijisokote, na uzi wa kitani au wa pamba. Gauni zima linashoneka hivyo. Polepole, lakini linashoneka.

Namba moja: cherehani ya chuma ya kuzungusha kwa mkono

Watu huitazama kama pambo la sebuleni. Mimi ningeanza nayo tena leo.

Chukua koseti ya karne ya 18, lile vazi la kubana kiwiliwili. Unaweka vitambaa viwili vya kitani, kimoja juu ya kingine, halafu unashona mistari sambamba ili kupata mifereji ya kupitishia fito za kulikaza. Mfereji mmoja una upana wa milimita 6 au 7, na koseti moja inaweza kuwa na mifereji zaidi ya 50. Mstari ukipinda milimita 2 tu, fito haipiti. Ukiwa na mota, mguu wako ukikosea kidogo sindano imeshakimbia. Ukiwa na kipini cha kuzungusha, sindano inasimama pale mkono wako unaposimama. Unafika mwisho wa mfereji, unasimamisha sindano ikiwa ndani ya kitambaa, unainua mguu wa cherehani, unageuza kazi, unahesabu mishono mitatu ya pembeni, unageuza tena, unarudi. Hakuna kubahatisha.

Jambo la pili ni tundu. Cherehani hizi nyingi hushona mstari tu, hivyo bati lililo chini ya sindano lina kitundu kidogo cha duara, sindano inapenya na basi. Cherehani ya zigizaga ina mwanya mpana, na hariri nyepesi au kitani laini husukumwa humo mwanzoni mwa mshono, ikatafunwa. Aliyewahi kuchomoa pembe ya hariri kutoka kwenye meno ya cherehani anajua ninachosema.

Udhaifu wake? Mkono mmoja uko kwenye kipini, kwa hiyo kitambaa kinaongozwa na mmoja uliobaki. Piga bandi kwanza, ile mishono ya muda ya mkono, usitegemee pini. Na pindo la sketi yenye mzingo wa mita 4 litakuchosha bega.

Kwa anayenunua ya zamani, Singer 15 ni chaguo salama kwa sababu sindano zake ndizo hizi za kawaida za leo na bobini zake, vile vigurudumu vya uzi wa chini, bado zinatengenezwa. Singer 27 na 127 zina bobini nyembamba ndefu inayokaa ndani ya kidude kama risasi. Zinashona vizuri mno, ila hakikisha kidude hicho kipo. Ya kwanza niliyonunua mimi iling'aa, ina maua ya dhahabu hadi kwenye shingo. Nikaibeba nyumbani nimetabasamu njia nzima, nikavuta kibati cha pembeni: patupu. Kidude hakipo, bobini hazipo. Ilikaa mezani miezi mitatu kama sanamu.

Baadhi ya mashine za karne ya 19 zinatumia sindano ambazo huzipati tena kirahisi. Uliza sindano kwanza, maua baadaye. Kwa Singer, namba iliyogongwa kwenye kitako husaidia kujua umri: yenye tarakimu tupu bila herufi mbele ni ya kabla ya 1900. Nyingine zina wenzo wa urefu wa mshono wenye namba kama 8, 12, 20. Hizo si milimita. Ni idadi ya mishono ndani ya inchi moja, kwa hiyo namba ikipanda mshono unafupika. Ukiweka 12 unapata mshono wa milimita 2 na kidogo, unaofaa kazi nyingi za kitani na pamba.

Ukikuta kichwa kizuri chenye mota iliyokufa, usikipuuze. Kama gurudumu lake lina matundu kati ya mikono yake, na shingoni kuna sehemu ya kufungia mota, mara nyingi kipini cha mkono kinafungika hapo.

Namba mbili: ya umeme ya kawaida, isiyo na kompyuta

Hii ni kwa mtu anayetaka cherehani moja tu ya kushona kila kitu, leo koti la mwigizaji, kesho suruali ya mtoto. Mstari, zigizaga, tundu za vifungo, kurudi nyuma, inatosha. Zigizaga haina kazi kubwa kwenye vazi la kale lakini inaokoa nguo za jukwaani, zile zinazovaliwa na kufuliwa kila wiki na kuvuliwa gizani kwa haraka nyuma ya pazia. Hapo hakuna mtazamaji anayekagua mishono ya ndani.

Dukani usihesabu aina za mishono. Inyanyue. Ikiwa nyepesi kama mkoba, itatembea mezani ukishona sufu nzito. Kanyaga pedali kidogo kabisa: cherehani njema inaanza taratibu, mbovu inanyamaza kisha inaruka. Tazama mguu wake unainuka kiasi gani, kwa sababu kola ya koti la sufu yenye bitana na kitambaa cha kukazia ni mlima. Uliza pia kama bati lenye tundu dogo la mstari linauzwa kando. Likiwepo, umepata nusu ya sifa za namba moja.

Namba tatu: ya kukanyaga kwa miguu

Kwa ushonaji wenyewe ningeipa nafasi ya kwanza. Mikono yote miwili iko huru, mwendo unaukadiria kwa nyayo, na sketi pana za miaka ya 1850 na 1860 zinapita mezani kama maji. Nimeishusha kwa sababu mbili. Inakula nafasi ya kabati zima, na miguu inahitaji wiki kadhaa kuzoea. Anayeanza huzungusha gurudumu kinyume, uzi unakatika, anadhani imeharibika. Zoea kwanza bila uzi, kwenye karatasi. Mkanda wa ngozi ukilegea, kata kipande kidogo ufunge upya. Mwenye nafasi na subira aivushe hadi namba moja, sitambishia.

Namba nne: ya kiwandani

Mshono wake ni mzuri kuliko wote hapa. Tatizo ni mwendo: hufika mishono 5,000 kwa dakika, na mwanafunzi hahitaji kufika popote kwa kasi hiyo. Ile mota ya zamani inayozunguka muda wote hata hujashona inafaa fundi wa oda nyingi. Ukipata yenye mota ya servo, ambayo unaweza kuipunguza mwendo, fikiria upya. Kumbuka inakuja na meza yake na haihamishiki.

Namba tano: ya kompyuta

Haina ubaya, ila unalipia usichotumia. Kitufe cha kusimamisha sindano chini ni kizuri kweli, na cha kudhibiti mwendo vilevile. Lakini tundu la kifungo la mashine kwenye kizibao cha karne ya 18 linaonekana kwa umbali wa hatua tano, na yale maua 80 ya kudarizi hayafanani na darizi ya enzi yoyote. Ikifa bodi yake, fundi wa kawaida anakurudishia mikono mitupu.

Zisizo kwenye orodha

Ovaloki, ile ya kukata na kufunga ukingo wa kitambaa, isiwe ununuzi wako wa kwanza. Ni mashine njema kwa nguo za leo, lakini ukifunua gauni la kale ukakuta nyuzi nne za ovaloki, kazi yote ya nje imekosa maana. Ukingo wa ndani ulikunjwa na kulazwa, au ukaachwa wazi pale ambapo sufu nzito haikufumuka. Na vile vicherehani vya plastiki vya betri ni vya kuchezea watoto. Kitani mara mbili tu, kinakwama.

Unavyoijaribu iliyotumika

Nenda na vipande vyako mwenyewe: kitani, sufu nzito, na kitu chepesi kama hariri. Beba sindano mpya namba 80 na 90 pamoja na uzi wa rangi mbili, juu mwekundu, chini mweupe. Vaa nguo usiyoionea huruma, mafuta yatakugusa.

Zungusha gurudumu kwa mkono kabla ya kitu kingine. Likiwa gumu kote, huenda ni mafuta yaliyoganda. Matone ya mafuta ya cherehani na siku mbili tatu za kungoja hulegeza mashine nyingi. Mafuta ya kupikia usiyakaribishe, ndiyo yanayogandisha. Likizunguka vizuri kisha likagonga mahali palepale kila mzunguko, kuna chuma kimepinda, achana nayo. Kama ina mota, kagua waya kabla ya kuchomeka. Ganda lililopasuka au kuchanika ni la kubadilishwa, na harufu ya kuungua ni sababu ya kufunga mazungumzo.

Kisha shona. Kunja kitani mara mbili, shona sentimita 20, geuza uangalie. Ukiona vidoto vyekundu chini, uzi wa juu umelegea. Vidoto vyeupe juu, umekazwa mno. Geuza kikazio cha uzi ushone tena. Isipobadilika chochote baada ya kugeuza, kikazio ndicho kibovu, na hapo bei ianze kushuka. Kunja kitani hicho hicho kiwe mara nne, halafu mara nane, uone kama inapanda pale penye mkunjo au inaruka mishono. Hariri uiache mwisho. Shona ukianzia ukingoni kabisa, siyo katikati, maana muuzaji hupenda kuanzia katikati.