Misimu mitatu ya baridi na tanuri la gesi: uzoefu wangu

Mashine iliwaka, ikapuliza hewa ya moto kwa dakika kama nne, moto ukazima. Feni ikabaki inazunguka peke yake. Baada ya muda ikawaka tena, ikazima tena. Ilikuwa usiku wa manane, mtoto amelala, na nyumba inazidi kupoa.

Nazungumzia tanuri la gesi la kupasha nyumba nzima joto, lile linalokaa kwenye chumba chake na kusukuma hewa ya moto vyumbani kupitia mifereji ya bati. Huu ni msimu wangu wa tatu nalo na nimeridhika. Linapasha nyumba haraka, halina kelele nyingi, na nikiliacha kwenye nyuzi 20 linashika joto hilo usiku kucha. Lakini usiku ule ndio ulionifundisha jinsi ya kuishi nalo.

Kwanza, ujue tanuri hili linavyowaka. Themostati, yaani kifaa cha kupangia joto la nyumba, ikidai joto, feni ndogo ya kutoa moshi ndiyo inayoanza. Swichi ya presha inahakikisha kwamba moshi una njia ya kutoka. Kisha kiwashio kinaiva, kinakuwa chekundu kama kaa, vali inafungua gesi, na bana, yaani vichomeo vya gesi, zinashika moto moja baada ya nyingine. Sensa isipouona mwali ndani ya sekunde chache, gesi inakatwa. Moto ukishatulia, baada ya nusu dakika au zaidi kidogo, ndipo feni kubwa inaanza kusukuma hewa vyumbani. Mimi sasa nikiwa sebuleni naufuata mpangilio huo kwa masikio tu, na hatua moja ikikosekana najua ni ipi.

Fundi wa kwanza niliyemwita alitazama dakika chache, akasema swichi ya joto la kupita kiasi imekufa. Akataka kuunganisha nyaya zake mbili moja kwa moja ili mashine "isinisumbue". Nilikataa, nikamshukuru, akaondoka. Hadi leo nikikumbuka mwili unanisisimka. Swichi hiyo kazi yake ni kukata gesi chuma kinapopata joto kuliko kinavyostahimili. Ukiiruka, chuma kinachotenganisha moshi na hewa ya nyumbani kinaendelea kuungua, na siku kikipasuka moshi unaweza kuingia kwenye hewa mnayovuta.

Fundi wa pili hakugusa waya. Alizima umeme, akachomoa filta. Ilikuwa filta nene niliyoinunua mwenyewe nikidhani namkinga mtoto na vumbi, na sasa ilikuwa imejaa, ya kijivu, nzito kama kipande cha blanketi. Hewa haikuwa inapita, joto lilikuwa linabaki ndani, na ile swichi ilikuwa inafanya kazi yake sawasawa. Akanionyesha kibati cha mashine: hewa inayotoka inatakiwa iizidi inayoingia kwa nyuzi 17 hadi 33 za Selsiasi. Alipopima na filta ile ilikuwa 38. Alipoweka ya kawaida, ikashuka hadi 26. Tangu siku hiyo naikagua kila mwezi, na mshale ulioandikwa ubavuni mwa filta lazima uelekee kwenye mashine, kule hewa inakokwenda.

Kwa hiyo marekebisho yangu mimi ni themostati, filta, na kuhakikisha matundu ya hewa vyumbani hayajazibwa na makochi. (Kupandisha themostati hadi 28 hakuifanyi nyumba ipate joto haraka, mashine inatoa moto uleule, ila inachelewa kuzima.) Skrubu ya presha ya gesi kwenye vali siigusi. Ile inarekebishwa kwa kipimo maalumu, na ukikosea kidogo tu moto unaharibika bila wewe kujua. Ninachofanya ni kuchungulia kidirishani: mwali unatakiwa uwe wa buluu, umesimama imara. Ukiwa wa njano na unayumbayumba, nazima na kumwita fundi, kwa sababu moto wa namna hiyo huenda unatoa kaboni monoksaidi, gesi ya sumu ambayo haina rangi wala harufu. Watu wa nyumba nzima wakianza kuumwa kichwa na kusikia kichefuchefu kwa pamoja, msisubiri: tokeni nje, ndipo mpige simu. Ving'ora vya gesi hiyo nimeviweka karibu na vyumba vya kulala na nabonyeza kitufe cha majaribio kila ninapokagua filta. Gesi ya kuwashia tanuri, yenyewe imetiwa harufu kama ya mayai viza. Ukiisikia, usiwashe wala kuzima taa, toka na watu wako, na simu uipigie nje.

Lawama yangu kwa watengenezaji ni moja, na ni kubwa. Mashine ikikwama, kitaa kidogo kinawaka na kuzima kwa idadi fulani kueleza kosa. Kitaa unakiona kwenye kidirisha cha mlango, lakini maelezo ya idadi hizo yamebandikwa upande wa ndani wa mlango huohuo. Ukiufungua, swichi ya usalama inakata umeme, kitaa kinazimika. Swichi hiyo ni ya lazima na wala sitaki iondolewe. Karatasi ndiyo iliyobandikwa mahali pasipofaa. Ukiwa gizani na baridi inakuuma, hesabu inakupotea. Niliipiga picha ile karatasi, nikaichapisha kwa herufi kubwa, sasa iko ukutani kando ya swichi ya umeme. Chini yake naandika tarehe kila ninapobadilisha filta.