MacBook ya kuletewa, programu ya Windows: ununue nini?

Mtu kaletewa MacBook kutoka Dubai, anaifungua kwa furaha, halafu anakumbuka kuwa programu ya hesabu za duka ni ya Windows. Kabla hujatoa hata shilingi, bonyeza alama ya tofaa juu kushoto, chagua About This Mac, usome jina la chipu. Tangu mwisho wa 2020 Apple inatengeneza Mac kwa chipu zake yenyewe, kuanzia M1. Za kabla yake ni Intel, na hapo ndipo njia zinapogawika.

Kwa chipu ya M, chaguo langu la kwanza ni VMware Fusion. Inaunda kompyuta nyengine ndani ya Mac, nawe unaweka humo Windows 11 ya Arm, yaani ile ya chipu za aina hii ya M. Tangu Novemba 2024 ni bure hata kwa kazi za biashara. Kilicho bure ni Fusion, leseni ya Windows ni juu yako. Tafuta na bando la kutosha, maana faili la kupakua ni gigabaiti kadhaa. Mac yenye RAM (kumbukumbu ya kazi) ya gigabaiti 8 itakwenda kwa kujikongoja. 16 ndiyo raha.

Ya pili ni Parallels Desktop, inayofanya kazi ileile, na bei tu ndiyo iliyoishusha. Inajipakulia Windows na kuiweka yenyewe. Kwa mtu wa mapokezi hotelini Nungwi asiyetaka kujua habari za kompyuta, ningelipa bila kunung'unika.

CrossOver ni ya tatu. Haihitaji Windows kabisa: inatafsiri maombi ya programu yaeleweke na Mac, kwa kutumia Wine, mradi ulioanza 1993. Ni nyepesi, ila baadhi ya programu huigomea. Ijaribu kwanza, kuna siku 14 za bure.

Boot Camp, njia ya Apple ya kuiwasha Mac moja kwa moja kwa Windows, ni ya Mac za Intel peke yake. Inaishia Windows 10, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia kwa kawaida Oktoba 2025. Nimeiweka mkiani.

Sasa ngoma yenyewe: printa za risiti na funguo za USB zinazolinda programu za hesabu. Windows ya Arm huzitafsiri programu zilizoandikwa kwa chipu za Intel, lakini draiva (programu ndogo zinazoendesha vifaa) zilizoandikwa kwa chipu hizo haizikubali. Mie na ami yangu tulikesha siku mbili dukani kwake Darajani, printa imekaa kimya kama jiwe, na wateja asubuhi wanaandikiwa risiti kwa mkono. Mwisho tukanunua laptopu ya Windows ya mtumba, na Mac akapewa mwanawe wa skuli.

Kwa hiyo mwenye vifaa kama hivyo aanze na mtumba, Intel ya kizazi cha 8 au zaidi ili ipokee Windows 11. Nenda na printa yako kwapani, uichomeke palepale kabla hujalipa.