Gaslight ya redioni (Lux, 1946): taa usiyoiona inafifiaje?

Haya, karibuni tena. Leo hakuna simu mpya wala spika. Leo ni mchezo wa redio wa saa moja, na nimeukalia mezani kwa sababu umeniudhi kwa jambo moja tu: taa. Mchezo umepewa jina la taa ya gesi, halafu ukapelekwa redioni, ambako hakuna anayeiona hiyo taa! Nani alipitisha hili?

Hadithi wengi mnaijua, siizungushi. Mume, mke, nyumba ya London, vito vya marehemu, na mume anayemsukuma mkewe mpaka aamini kwamba akili zimemruka. Patrick Hamilton aliiandika kwa ajili ya jukwaa, ikafunguliwa Richmond, karibu na London, Desemba 1938. Kwa hiyo ni ya karne ya 20, lakini imevaa enzi za Malkia Victoria mwili mzima: mwaka ni 1880, sebule ni moja, jioni ni moja. Ilipofika New York Desemba 1941 iliitwa Angel Street, mwigizaji Vincent Price akiwa mume, ikachezwa mara 1,295. Studio ya MGM wakatoa filamu mwaka 1944, Ingrid Bergman akaondoka na Oscar. Ninayoichambua leo ni ya Lux Radio Theatre, kipindi cha michezo ya redio cha Marekani, tarehe 29 Aprili 1946: Bergman na Charles Boyer wale wale wa kwenye filamu, wakicheza moja kwa moja mbele ya hadhira, Hollywood.

Sasa tuje kwenye taa, maana hapo ndipo nitakapokaa.

Nyumba za wakati ule zilikuwa na bomba moja la gesi linalolisha taa zote. Ni kama maji: wewe unaoga ghorofani, mtu akifungua bomba la chini, maji yako yanakuwa uzi. Mke amekaa sebuleni, mume ameaga kwamba anatoka. Kumbe amezunguka nyuma, amepanda juu ya dari anatafuta vito, na kule anawasha taa. Presha inashuka, mwali wa sebuleni unanywea. Jukwaani fundi wa taa anashusha mwanga polepole, ukumbi mzima unaona. Kazi imekwisha, bila neno hata moja.

Redioni je? Inabidi mtu aseme: "taa inafifia". Na mtu akianza kutangaza anachokiona, mimi huwa nazima. Ndiyo ugonjwa mkubwa wa michezo ya redio: "Oo, naona umeshika bastola mkono wa kulia!" Nani anaongea hivyo?

Najua mtaniandikia: si waweke mlio wa gesi? Sawa, tuujaribu hapa mezani. Kwanza ondoeni karabai kichwani. Karabai inavuma kwa sababu umeipiga pampu. Gesi ya mjini ya 1880 ilikuwa na presha ndogo, mwali ulikuwa wazi, na hata kile kisoksi cha taa kinachovikwa kwenye mwali ili ung'ae kilikuwa bado. Mvumbuzi wake, Auer wa Austria, alikipatia hataza mwaka 1885. Kwa hiyo mlio wa kweli ni hafifu mno, lazima uutengeneze. Na tafadhali, usifungue jiko la gesi chumbani ili urekodi.

Chukua tyubu ya baiskeli, ijaze upepo, bonyeza kile kipini cha kati cha valvu kwa kijiti. Ssss. Maiki iwe sentimita 20, tena ikae pembeni, si mbele ya upepo. Ukiiweka mbele unapata ngurumo badala ya mlio. Kosa ambalo karibu kila mtu hulifanya ni kuanzisha mlio pale pale taa inapotakiwa kufifia. Msikilizaji hawezi kusikia kitu kikipungua kama hakukizoea kwanza! Uanze na tukio lenyewe, uupitishe chini ya mazungumzo kama dakika nzima, mpaka sikio liusahau. Halafu legeza kijiti taratibu kwa sekunde tano. Sikiliza... umeona? Usikate ghafla, ukikata ghafla inasikika kama mitambo imekatika. Acha sekunde mbili tupu. Ndipo nyayo za juu ziingie.

Nyayo nazo zina lake. Ukitembea na viatu sakafuni karibu na maiki, mtu yuko chumbani nawe, hayuko juu. Weka mbao pana juu ya meza, funika blanketi zito, mwenzako akanyage hapo, maiki ikae chini ya meza. Kama huna mtu wa kupanda mezani, rekodi nyayo za kawaida kisha kwenye programu ondoa sauti zote za juu ya hezi 400 hivi. Na asitembee kama askari wa gwaride. Huyu anatafuta vito kwenye masanduku: hatua mbili, kimya, anaburuta kitu, hatua moja.

Inapendeza, eti? Mwaka 1946 isingesaidia sana. Redio nyingi za AM za majumbani zilikuwa zinakata sauti kwenye hezi 5,000 au chini ya hapo, na mlio wa ssss uhai wake mwingi uko juu ya hapo. Ongeza mkwaruzo wa santuri waliyorekodia matangazo: una ssss mbili, ya gesi na ya santuri, na sikio halijui ipi ni ipi. Kwa hiyo kuuingiza ufifiaji kwenye mdomo wa mwigizaji hakukuwa uvivu. Haya, nimewapunguzia adhabu kidogo.

Hapo hapo niwape tahadhari kabla hamjapakua. Mtandaoni kuna nakala zilizosafishwa makelele. Ziepukeni. Programu ya kusafisha haijui kutofautisha mkwaruzo na pumzi ya Bergman, inafuta vyote viwili, na pumzi ndiyo nusu ya mchezo. Tafuta faili ya kilobiti 64 kwa sekunde. Saa moja inakula MB 29 hivi za bando. Ya kilobiti 32 ni MB 14 na ushee, rahisi, lakini "s" zote zinasikika kama zimelowekwa majini. Vaa hedifoni, hata za bei ya chini kabisa, zinashinda spika ya simu: spika ya simu haina besi, na nyayo za darini zote ni besi. Utasema mchezo hauna nyayo kumbe ni simu yako.

Sasa hapa ndipo nimeanza kugeuka, na msinicheke. Jukwaani, ukiona mwanga umeshuka, umeshajua mama huyu ni mzima. Umeona kwa macho yako! Kuanzia hapo wewe ni shahidi wake. Redioni huna ushahidi. Anasema taa imefifia, mtumishi hajaona kitu, mume anasema ni mawazo yake tu, na wewe uliyeko gizani huna pa kushika. Unabaki na sauti yake peke yake. Ndiyo maana mpelelezi anapokuja, na kwa mara ya kwanza mtu mwingine anakiri kwamba naye ameona taa ikishuka, redioni tukio hilo linapiga kuliko kwenye filamu. Sentensi ile ile niliyoichukia dakika chache zilizopita, ikitoka kwenye kinywa cha pili, ndiyo inayomkomboa.

Kwa hiyo lawama zangu zimehamia kwenye nyayo. Ningekuwa mhariri, ningezificha mpaka mpelelezi azisikie. Ukimsikilizisha mtu nyayo mapema umemwonyesha taa kwa mlango wa nyuma.

Boyer simchambui sana, ile sauti laini ya Kifaransa inatosha. Hapandishi hata anapotisha. Kinachokera ni sabuni. Lux ni sabuni, mchezo umekatwa sehemu tatu, na kila pazia likishuka unaletewa sabuni. Halafu mwisho, kwa desturi ya kipindi, mtangazaji William Keighley anawaita nyota waje kupiga soga. Mke ametoka kusimama mbele ya mume aliyefungwa kwenye kiti, dakika hiyo hiyo anaongea kwa bashasha! Zima mapema.

Kuna toleo la kipindi kingine cha redio, Screen Guild, la 1947, nusu saa. Siwashauri mwanzie hapo. Mchezo huu unahitaji muda wa kumchosha mtu polepole, na nusu saa inatosha kusimulia njama tu.

Wanaotaka kuucheza wenyewe: chukueni muundo wa Hamilton wa jukwaani, si wa filamu. Chumba kimoja maana yake mwangwi mmoja, hamhangaiki na mandhari. Mtakwama kwenye kofia: mpelelezi anaisahau sebuleni mume akiwa anarudi, na kofia haina mlio. Ama mtumishi aitaje, ama ikatwe. Na hakimiliki: Hamilton alifariki 1962, kwa hiyo kule Uingereza mchezo unalindwa mpaka mwisho wa 2032. Fanyeni mazoezi ndani, msiuweke hadharani bila ruhusa.

Waliouliza kuhusu ratiba, uchambuzi umehama Jumatano, sasa ni Ijumaa usiku. Ijumaa hii ni Sweeney Todd wa CBC ya Kanada, 1947. Yule kinyozi ana kiti kinachopinduka na mlango wa sakafuni, kila kitu chake kina kishindo, redio ilimngoja tu. Bonyeza kengele, na kwenye maoni niambie nyayo ungeziingiza dakika gani.